Vichwa katika Trei za Mayai

Harufu ilinifikia kabla ya macho. Mwende, msichana aliyekuwa akinitembeza katika makumbusho madogo ya filamu za vibonzo mjini Machakos, alivuta droo pana chini ya kabati la kioo, na papo hapo nikanusa mti wa mjakaranda na, juu yake, rangi nyeusi ya viatu. Wenzangu wa rika langu waliokulia Ukambani wataijua harufu hiyo bila kuelezwa. Ndiyo harufu ya tembo na twiga wa kuchongwa waliopangwa kando ya barabara wakimsubiri mgeni apunguze mwendo. Mchongaji huupaka mti mweupe rangi ya viatu ili ujifanye mpingo. Nililala ndani ya harufu hiyo utoto wangu wote, na nilidhani nilikwisha kuihama.

Kisha nikatazama. Ndani ya droo mlikuwa na trei za mayai, zile za karatasi ya kijivu, na katika kila kishimo, juu ya pamba, kilikaa kichwa cha mtoto kisichozidi ukubwa wa ndimu. Uso ulikuwa mmoja. Midomo ndiyo iliyotofautiana: huu umefumba, huu umeachama, huu umejikunja kama unaopuliza chai.

"Hizi vichwa ndio wageni hupenda," Mwende alisema. "Unaona, hii katuni si ya kuchora. Ni ya kuchongwa. Wanapiga picha moja, wanatoa kichwa, wanaweka ingine, wanapiga tena. Ukizicheza haraka, mtoto anaongea."

Nilishika ukingo wa kabati.

"Madam? Uko sawa?"

"Mlivitoa wapi?"

"Kuna mzee alikuwa anatengeneza filamu, wa huko Nairobi. Alipokufa familia yake ikaleta vitu zake zote hapa. Hata filamu yenyewe haikuisha, lakini kale kapande kapo. Nikuwekee?"

"Ngoja kwanza," nikamwambia. "Naomba kiti."

Aliniletea kiti cha plastiki, nami nikaketi nikivitazama vichwa nilivyoviona mara ya mwisho vikipakiwa katika pikapu nyeupe uani kwetu Kyumbi. Kwa miaka yote iliyopita kati ya siku ile na hii, nilikuwa nikiamini kwamba ni vichwa vya maiti. Sisemi hivyo kwa kutia chumvi. Niliamini kwamba ni uso wa kaka yangu.

Kaka yangu aliitwa Mutua. Alifariki kwa homa kabla sijazaliwa, akiwa bado hajaanza shule. Kwetu, mtoto anayezaliwa nyuma ya msiba hupewa jina la kurudi: wa kiume huitwa Musyoka, wa kike Kasyoka. Mimi ni Kasyoka. Jina hilo ni faraja kwa wakubwa, na kwa kuwa kila mtu mzima analijua hivyo, hakuna anayekumbuka kumweleza mtoto mwenyewe. Mimi nililielewa neno kwa neno. Ikiwa nilirudi, basi niliwahi kuwapo. Na ikiwa niliwahi kuwapo, nilikuwa nani? Jibu lilikuwa midomoni mwa kila aliyetutembelea. Susu, yaani nyanya yangu mzaa baba, alipofika alinibana mashavu kwa viganja vyake vyenye ukavu wa mahindi na kutangaza, "Huyu ni Mutua kabisa. Hebu tazameni huu mdomo." Mama aligeuka kuitazama sufuria. Baba alitoka nje.

Hatukuwa na picha yake hata moja. Alichokiacha ni kigoda cha miguu mitatu ambacho baba alimchongea, na ambacho nilikirithi kama nilivyoyarithi mashati yake na, nilivyoamini, uso wake.

Baba alichongea katika banda la mabati nyuma ya nyumba, mkabala na barabara inayokatia Machakos. Alichonga wanyama. Lakini ulikuja msimu mmoja wa kiangazi, mavumbi yakiwa yamekaa juu ya kila jani la mkonge wa uani, ambapo aliwaacha tembo wake bila masikio akaanza kuchonga vichwa vya mtoto. Kila jioni nikitoka shule aliniita.

"Kasyoka. Njoo ukae."

Nilikaa juu ya kigoda cha Mutua, uso kwenye mwanga wa mlango. Baba alinigeuza kidevu kwa kidole gumba chenye weusi wa rangi, akarudi nyuma, akainua patasi.

"Sema a."

"A."

"Shikilia hapo."

Nilishikilia. Nzi alikuja, akatua, nikamvumilia. Taya liliuma, mate yalijaa chini ya ulimi, na baba alinitazama kwa macho yaliyofumbwa nusu, jinsi mtu anavyochungulia kisima kuona kama kuna maji. Halafu, "Sema o." Halafu, "Sema u. Usicheke." Hakuna mtu aliyewahi kunitazama muda mrefu hivyo, na hakuna kutazamwa kulikowahi kuniogopesha kiasi hicho. Sikuwa na shaka kwamba hanitazami mimi. Alikuwa akimtafuta yule mwingine, ndani.

Ushahidi wangu, kwa akili ya mtoto, ulikamilika. Vichwa havikuwa na nywele, kwa hiyo vilikuwa vya mvulana. Vilifanana na mimi, na mimi nilifanana na Mutua. Na baba hakutosheka na hata kimoja: alimaliza kimoja, akakipiga msasa, akakipaka rangi, akakiweka kando, akaanza kingine kilekile. Nilimhurumia. Niliona kwamba ameusahau uso wa mwanawe, anaujaribu, anaukosa, anaujaribu tena. Usiku nilijifunza kuvuta midomo jinsi nilivyodhani Mutua angeivuta, ili kesho yake nimrahisishie kazi.

Ndipo akaja mwanamume wa pikapu nyeupe. Alikuwa na ndevu, suruali yenye mifuko mingi, na mashine aliyoiweka juu ya benchi la baba. Mimi redio nilizijua. Hii haikusema neno. Ilizungusha tu vigurudumu viwili chini ya kifuniko cha kioo, polepole, kama inayosikiliza. Nilikuwa nachungulia katika ufa wa mabati pamoja na binamu yangu Nzioka, aliyenizidi umri na kwa sababu hiyo alijua kila kitu.

"Huyo amekuja kukupima," Nzioka alininong'oneza.

"Kunipima nini?"

"Kama wewe ni Mutua wa kweli. Ile mashine inajua. Ukipatikana wewe si yeye, unarudishwa."

"Narudishwa wapi?"

"Kwa wenyewe," akasema, akapangusa pua kwa mkono. "Usiniulize mimi. Uliza susu."

Sikumuuliza susu. Niliitwa. Niliingia bandani nikakaa juu ya kigoda, na mbele yangu walikuwa wamemfunga mbuzi wetu, jambo lililonithibitishia kwamba hapa kuna tambiko. Yule mgeni alicheka vizuri, akaniambia niongee na mbuzi jinsi ninavyoongea naye siku zote, na kwamba leo mbuzi atajibu. Niliongea, maana niliogopa kunyamaza. Nilimgombeza kwa kula sketi yangu ya shule. Mgeni alijibu kwa sauti ya mbuzi, ya kukwaruza. Kisha mbuzi akauliza:

"Na wewe unaitwa nani?"

Vigurudumu vilizunguka. Nilijua kwamba hili ndilo swali, na kwamba mengine yote yalikuwa kunizoeza. Nikasema:

"Mutua."

Baada ya hapo kumbukumbu yangu ina picha tatu au nne zisizoshikana. Baba anasimama. Mbuzi anavuta kamba. Kidole gumba cheusi kiko shavuni kwangu. Halafu ni mchana mwingine, na mgeni anapanga vichwa katika trei za mayai, anavifunika pamba, anavipakia kwenye pikapu kwa uangalifu ambao nilikuwa nimeuona mazishini tu. Baba alirudi kwa tembo wake. Hakuniita tena bandani. Kigoda kilitoweka. Nilihitimisha kwamba nimeanguka mtihani, kwamba kwa huruma hawakunirudisha kwa wenyewe, na kwamba tangu siku ile baba anajua kuwa mtoto anayemlisha si yule aliyemsubiri.

Tulizungumza, bila shaka. "Maji yameisha." "Funga mbuzi." "Karo nimetuma." Kwa miaka mingi nyumba yetu iliishi kwa sentensi za urefu huo. Nilikwenda chuo kikuu, nikabaki huko kwa shahada ya uzamili, na ninachokisomea ni historia simulizi: jinsi shahidi anavyoliziba pengo la kumbukumbu yake kwa kitu alichokiogopa. Nimeandika kurasa nyingi juu ya jambo hilo. Sikuwahi kujiweka miongoni mwa mashahidi.

Mwaka huu kiharusi kilimchukua baba mkono wa kulia na maneno yote. Muuguzi alitufundisha cha kufanya: mtu aketi mbele yake kila siku, atamke sauti moja moja, amwonyeshe mdomo, mpaka mgonjwa afuatishe. Alituonya kwamba sauti isiyoamshwa mapema huzoea kulala. Mama alijaribu. Nzioka, ambaye sasa ni baba wa watoto na ana duka la vipuri pale njia panda, alijaribu pia. Baba aliwafungia mdomo wote wawili na kutazama ukuta.

"Jaribu wewe, mwanangu," mama aliniomba.

"Nina kazi ya chuo, mwaitu," nikasema; ndivyo Wakamba tunavyomwita mama.

"Kazi gani hiyo haiwezi kungoja sauti ya babako?"

Nilimjibu kitu kirefu chenye mantiki. Ukweli ni kwamba nisingeweza kuketi tena mbele ya macho yale, nikiwa mtu mzima, nikaona yakipita ndani yangu kumtafuta mwingine. Hata siku ya makumbusho nilikuwa mjini kununua dawa zake, na niliingia mle ndani kwa sababu moja tu: ilikuwa njia ya kuchelewa kurudi nyumbani.

"Niweke sasa?" Mwende akauliza.

Nilitikisa kichwa kukubali.

Kwenye kiwambo ulitokea uwanja wa udongo mwekundu na nyumba ya mabati iliyotengenezwa kwa makopo. Msichana akaingia, akitembea kwa mwendo wa kukatikakatika wa kitu kinachosukumwa na mkono usioonekana. Msichana. Alikuwa na nywele za uzi wa sufu zilizofungwa mafundo mawili. Alivuta kigoda cha miguu mitatu, akaketi, akasukuma ncha ya ulimi katika pengo la jino. Kisha, kabla ya kusema lolote, aliinamisha kichwa upande, sikio la kulia mbele.

Sikio langu la kushoto lilitoka usaha nikiwa mdogo na tangu hapo halisikii vizuri. Kila anayenisemesha ninamgeuzia la kulia; ninafanya hivyo hata ninapoandika haya, peke yangu, bila wa kunisemesha. Mutua hakuwa na ila hiyo. Mutua alikufa akiwa na masikio mawili mazima. Niliinuka, nikainamia droo. Shingo ya kila kichwa ilikuwa imetobolewa mshazari, makusudi, ili kisiweze kukaa juu ya mwili ila kwa kuinama upande ule. Kila kimoja. Na pembeni mwa trei, katika kishimo nilichokidharau mwanzoni, yalilala mafundo ya sufu nyeusi yaliyosubiri kuvishwa.

"Woi!" Mwende alikuwa ameacha kutazama kiwambo. Alikitazama kichwa, akanitazama mimi, akakitazama tena. "Woi, madam! Ni wewe!"

Msichana wa mti alikuwa ameanza kuongea, na sauti ilikuwa yangu.

Si sauti inayofanana na yangu. Yangu. Ile ya kugombeza, yenye kitetemeko ambacho hakuna mwigizaji angekibuni, ikimwambia mbuzi kwamba sketi ya shule si majani. Midomo ya mti ilifunguka na kufumba mahali hasa palipostahili, a juu ya a, o juu ya o, na nikaelewa, kwa mshtuko uliokuwa karibu na aibu, jioni zile zote za taya kuuma. Mbuzi akauliza jina. Msichana akainamisha kichwa.

"Mutua."

Hapo picha ilikatika. Kiwambo kikawa cheusi. Lakini sauti iliendelea.

"Zima hiyo." Alikuwa baba. Sikuwa nimeisikia sauti yake tangu kiharusi, na hii ilikuwa ya kijana. Benchi lilikwaruza. Mtoto alikuwa ameanza kulia, kile kilio cha kujizuia ambacho huwa kibaya kuliko cha wazi.

"Kasyoka. Nani amekuambia wewe ni Mutua? Niangalie. Mutua nilimzika mimi mwenyewe, na hii mikono. Hajarudi. Watu hawarudi. Hilo ni jina tu, jina la kutupoza moyo." Kilio kiliendelea. "Hizi sura zote nimechonga ni wewe. Unasikia? Mutua sijawahi kumchonga hata mara moja. Siwezi. Nikishika patasi nimchonge, mkono unakataa. Wewe ndiye naweza."

Mbuzi alilia, mbuzi wa kweli safari hii. Kisha kitu kikabonyezwa, na pakawa kimya.

"Hiyo mwisho haina picha lakini walisema isikatwe," Mwende alisema kwa sauti ya chini. "Wageni huniuliza yule mtoto alimjibu nini babake."

"Hakumjibu," nikasema. "Hakusikia."

Hata hivyo sina hakika, na ninalitaja jambo hili kwa sababu limeninyima usingizi. Huenda nilikuwa nikilia kwa nguvu mno, au baba alikuwa upande wa sikio bovu. Huenda pia nilisikia kila neno, na kwa kuwa hofu ilitangulia kukaa, maneno yalipofika hayakupata kiti. Kazi yangu ni kuwauliza wazee maswali ya namna hii kwa upole. Sijui nani ataniuliza mimi.

Mama alikuwa akichambua maharagwe jikoni nilipofika. Hakuinua macho.

"Dawa umepata?"

"Nimepata. Mwaitu, kile kigoda cha Mutua kilienda wapi?"

Vidole vyake vilisimama. "Umekumbuka nini wewe?"

"Kilienda wapi?"

"Babako alikipasua kuni. Siku ile yule mtu wa picha alienda. Alisema kile kiti kimekuharibu kichwa, na usiwahi kuitwa bandani tena, asije akakuumiza zaidi." Alirusha haragwe bovu mlangoni. "Mimi nilimwambia mtoto atasahau. Akasema bora usahau ukiwa mbali naye."

"Na wewe hukuniambia?"

"Ungeuliza ningekuambia. Ulikuwa unapita hapa na vitabu tu, hata salamu unapeana ukitembea."

Baba alikuwa sebuleni, kwenye kiti chake, mkono wa kulia umelazwa juu ya mto kama kitu cha mtu mwingine. Nilichukua stuli, nikaiweka mbele yake, mahali mwanga wa mlango unapoangukia. Nilipoketi alikuwa akitazama ukuta. Nilisubiri. Polepole akanigeukia, na macho yakafumba nusu, yaleyale, ya kuchungulia kisima. Kila kitu ndani yangu kilitaka kuinuka. Nikabaki. Mkono wake wa kushoto ulipanda, kidole gumba kikanishika kidevuni, safi, bila rangi yoyote, kikanigeuza kidogo kuelekea mwangani.

"A," nikasema, nikashikilia hapo.

Aliutazama mdomo wangu muda mrefu. Juu ya mto, vidole vya mkono uliokufa vilionekana kama vinavyokumbuka mpini. Kisha midomo yake, iliyowafungia wote, ikaachana, na kitu kikatoka kooni, kikavu, kifupi.

"Ka."

Kule jikoni maharagwe yalinyamaza. "Nani huyo ameongea?" mama akaita.

Kwa tabia yangu ningepima kwanza kama ile ilikuwa silabi au kikohozi. Safari hii nilimsogezea baba sikio la kulia.

"Sema tena, baba," nikamwambia. "Shikilia hapo."